Gari Kuukuu na Adabu ya Kuuliza

Neno utamaduni linapotajwa mbele ya wanafunzi wetu, aghalabu mawazo yao hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula, majengo ya kale na mashairi. Hawakosei. Mnamo Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ngoma na nyimbo zetu zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotakiwa kurudishiwa heshima yake. Lakini utamaduni wa taifa ni pia namna watu wake wanavyofanya kazi, wanavyotafuta sababu ya jambo lililoharibika, na wanavyosemezana wakati wa kuitafuta. Katika insha hii twapenda kumchukua msomaji hadi chini ya mwarobaini mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Hapo hapana ngoma wala vazi la kale. Pana magari mabovu, ardhi iliyokuwa nyeusi kwa oili, na mzee mmoja mwenye spana mkononi. Hapo ndipo tulipofundishwa, sisi tunaojiita washairi, adabu ambayo vitabu vyetu vilikuwa havijatufundisha.

Gari letu tulilinunua kwa mtumishi mwenzetu aliyekuwa akihamishwa. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la otomatiki, lenye umri uliopita miaka kumi na mitano. Kama yalivyo magari mengi ya barabara zetu, lilikuwa limekwisha kutumika kwao kabla ya kupakiwa melini. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ulikuwa tayari mahali tulipouhitaji. Neno hilo usukani tulilitoa chomboni baharini tukalitia garini, na neno gari lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi. Chini ya boneti palikuwa na kibandiko cha maandishi ya Kijapani ambacho sisi hatukuweza kukisoma, wala muuzaji hakuweza. Tulimwuliza, "Lina tatizo lolote?" Akajibu, "Halina, ila asubuhi nyingine hudeka kidogo." Tukacheka, tukalipa. Lau tungalimwuliza maana ya kudeka, huenda insha hii isingaliandikwa.

Kudeka kwenyewe kulikuwa hivi. Ulipozungusha ufunguo, injini haikuitika. Ukarudia mara ya pili au ya tatu, ikawaka kana kwamba haikuwa na neno. Miezi ilivyopita, mara tatu zikawa saba, na saba zikawa kumi. Tulimwita kijana mmoja fundi wa mtaani kwetu, aliyekuwa akifanya kazi kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba na mfuko wake wa spana. Alipima, akasema betri imezeeka. Lilikuwa neno la kweli, kwa kuwa ilikuwa na miaka mitano. Akatuletea betri mpya, tukamlipa. Kwa siku tatu mfululizo gari liliwaka kila tulipoliwasha.

Siku ya nne, kabla ya alfajiri, simu ilitujia kutoka Pangani. Shangazi yetu alikuwa amefariki usiku ule. Shangazi huyo ndiye aliyetulea tangu tulipokuwa na umri wa miaka sita hadi tulipomaliza kidato cha nne. Karo, sare na madaftari yetu yalitoka katika cherehani yake ya mkono. Tuliambiwa kwamba maziko yangekuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Kutoka Tanga hadi Pangani ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Mwenzetu wa nyumbani alishauri twende stendi tukapande basi la kwanza. Tukamjibu, "Tuna gari. Tutaondoka saa mbili, na saa nne tutakuwa tumefika." Twakiri hapa kwamba jibu lile halikutokana na hesabu ya safari. Lilitokana na tamaa ya kuonekana na jamaa zetu tukishuka katika gari letu wenyewe, hata katika siku kama ile.

Saa mbili tulizungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, kisha zikafifia, na chini ya boneti ikasikika sauti moja kavu: ta! Baada ya hapo, kimya. Tulirudia mara kumi, tukarudia mara ishirini. Vijana wa mtaani walikuja kwa hisani wakalisukuma gari hadi mwisho wa barabara huku jasho likiwatoka, hata dereva wa teksi aliyekuwa akipita akawaambia kwamba gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Alisema kweli. Katika gari la aina ile, nguvu hupita baina ya injini na magurudumu kwa msaada wa mafuta ya gia, na pampu inayoyasukuma mafuta hayo huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezimika, magurudumu hayana njia ya kuizungusha. Sisi tulikuwa na gari lile kwa karibu mwaka mzima wala hatukulijua hilo.

Tukampigia simu yule kijana fundi. Alifika kwa baiskeli, akihema. "Shikamoo, mzee. Poleni na msiba." Hatukuitikia salamu yake. Mbele ya majirani tulimwambia kwamba alituuzia betri mbovu. Na aliposema, "Betri ni nzima, mzee," tuliongeza neno zito zaidi, kwamba yeye ni mwizi kama mafundi wenzake wote. Kijana hakujibizana nasi. Aliifungua betri, akaibeba hadi kwenye gari la jirani, akaifunga humo, akazungusha ufunguo, na gari la jirani likawaka mara moja. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu ukinguruma. Hata hivyo tulisema kwamba huenda gari lile halihitaji moto mwingi. Kijana akairudisha betri mahali pake, akafuta mikono, akasema, "Mzee, tatizo liko kwingine, ila mimi silijui liliko." Akaondoka bila kudai hata senti.

Tulifika Pangani saa tisa, kwa basi. Wanaume walikuwa wamekwisha kurudi makaburini, wamekaa barazani. Binamu yetu alitushika mkono akasema, "Tulikungoja, kaka. Lakini maiti haiwekwi." Hakuongeza neno jingine, wala hatukuwa na la kumjibu. Tulikwenda makaburini peke yetu, tukasimama mbele ya udongo uliokuwa ungali mbichi, ambao mkono wetu haukutia hata konzi moja.

Usiku ule tulilala katika nyumba ya marehemu. Cherehani yake ilikuwa pembeni, imefunikwa kwa kanga. Tulikumbuka jinsi alivyokuwa akifanya uzi ulipokatikakatika katikati ya kazi ya watu, na mwenye nguo akiwa amekaa mlangoni akiingoja. Hakumlaani muuza uzi. Alianza penye sindano, akatazama kama imepinda. Akaifuata njia ya uzi tundu moja baada ya jingine. Akafungua kikasha cha chini akapuliza vumbi. Akikosa kuona kitu katika yote hayo, ndipo alipotutuma kwenda kumwita fundi, na fundi alipofika alimweleza aliyoyatazama na yale ambayo hakuyatazama. Tulikuwa tumeyaona hayo mara nyingi utotoni bila kudhani kwamba lilikuwa somo.

Baada ya siku saba tulilivuta gari letu kwa kamba hadi chini ya mwarobaini wa Ngamiani. Fundi wa mahali pale umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Alianza kazi akiwa utingo wa lori, zama ambazo malori kadha wa kadha yalikuwa bado yakiweza kuwashwa kwa hendeli, yaani kile chuma kilichopinda ambacho mtu alikichomeka mbele ya injini akakizungusha kwa mikono yake. Hendeli iliwavunja mikono watu wengi duniani, kwa maana injini ikirudi nyuma ghafula humpiga yule aliyeishika. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyofaulu, nayo ikafungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo huilisha stata hiyo, ni kongwe zaidi: ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

"Shikamoo, fundi," tulimwamkia.

"Marahaba. Karibu, bwana. Kaa kwanza." Alitupa kigoda. Hakufungua boneti. "Tuliulize gari."

"Gari laulizwaje, nalo halisemi?"

"Lasema. Ukizungusha ufunguo, gari lina majibu matano ya kukataa. Mwenye kujua jibu alilopewa, nusu ya kazi imekwisha."

Akatuhesabia kwa vidole, nasi twayaandika hapa kwa faida ya wanafunzi. Jibu la kwanza ni kimya cha giza: hakuna sauti wala taa. Hapo moto haufiki kabisa. Betri imekufa, au vichwa vyake vimelegea, au fyuzi kuu imekatika. Jibu la pili ni kimya cha mwanga: taa zawaka vizuri, lakini ufunguo ukizungushwa hakuna linalosikika. Hapo atazamwe yule anayepeleka amri, yaani swichi ya ufunguo na relei ya stata. Na kama gari ni la otomatiki, itazamwe gia, kwa sababu gari hilo limezuiwa kupiga stata isipokuwa gia iwe kwenye P au N. Jibu la tatu ni tata-tata-tata ya haraka: amri imefika, moto upo, lakini ni mchache, na aghalabu betri imeishiwa. Jibu la nne ni ta! moja na taa kufifia: stata imeitwa na haikupata nguvu ya kusimama, ama kwa sababu yenyewe ni mgonjwa, ama kwa sababu njia ya moto ina kizuizi. Jibu la tano ni injini kuzunguka kwa nguvu bila ya kuwaka. Hapo betri na stata zaachwa kwa salama. Yatafutwe mafuta, moto wa plagi na hewa. Katika magari mengi ya siku hizi, ufunguo ukifunguliwa tu, pampu ya mafuta husikika ikivuma kwa sekunde mbili hivi kutoka nyuma. Isiposikika, pameonyeshwa pa kuanzia.

"Lako lilijibu lipi?" aliuliza.

"La nne."

Akaendelea kuuliza. Lilianza lini kudeka? Hukataa zaidi siku za mvua au za jua? Nani aliligusa mwisho, na alibadilisha nini? Kabla ya kubadilishwa lilikuwaje, na baadaye likawaje? Tulijibu moja baada ya jingine, hata tukafika kwenye habari ya betri mpya na gari la jirani. Katika maswali yake yote hakuuliza hata mara moja nani wa kulaumiwa.

"Betri iliwasha gari la jirani?"

"Iliwasha."

"Basi kijana wako alikwisha kukupa nusu ya jibu siku ile ile. Ulimshukuru?"

Tulinyamaza.

Ndipo alipofungua boneti na kutoa mita yake. Aliipima betri ikiwa imepumzika, ikasoma volti 12.6. Alitueleza kwamba hiyo ndiyo betri iliyoshiba, na kwamba ikishuka hadi karibu na 12 ina njaa. Akatuambia tuzungushe ufunguo. Ta! Mita haikushuka sana. "Unaona?" alisema. "Stata ingekuwa inakula, betri ingeshuka. Betri ya afya huweza kushuka hadi karibu na volti 10 wakati wa kazi. Hii haikushtuka. Ina chakula tele, lakini hakuna anayekifikia." Kisha akaweka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. "Hapa nataka sifuri, au karibu na sifuri. Isizidi nusu volti. Zungusha." Mita ikaruka ikapita volti 5.

"Moto unakwenda," alisema mzee, "haurudi."

Tulimwomba atufafanulie. Akasema kwamba watu wengi hudhani moto hutoka kwenye betri, ukaenda kwenye stata, ukaishia huko kama maji yanavyomwagwa shambani. Sivyo. Moto sharti urudi nyumbani. Waya wa chanya huupeleka; chuma cha injini, bodi ya gari na waya wa hasi huurudisha. Njia ya kurudi ikiziba, hata ile ya kwenda huwa imekufa. Tukauliza, "Mbona taa zinawaka, nazo zinarudi kwa njia hiyo hiyo?" Akatabasamu, kwani alilipenda swali lile. Taa mbili kubwa za mbele, alisema, hutaka ampea 10 hivi, lakini stata hutaka 100 na zaidi. Daraja la miti hupitisha mtu na baiskeli yake siku zote, na watu wakasema daraja ni zima; siku lori likija ndipo linapojulikana.

Alichukua waya mmoja mnene, akaufunga upande mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, na upande wa pili kwenye bolti ya injini, ili moto upate njia nyingine ya kurudi. "Zungusha." Injini ikawaka kabla hatujaondoa mkono kwenye ufunguo.

Hatukufurahi kama msomaji anavyoweza kudhani. Tulikaa garini, tukasikiliza mngurumo, tukakumbuka mngurumo mwingine tuliokataa kuusikia.

Mzee alituzimisha gari akaendelea na kazi. Alifungua kwanza waya wa hasi kwenye betri, akatuagiza tukumbuke kwamba hasi hufunguliwa mwanzo na hufungwa mwisho, ili spana isije ikagusa bodi ikatoa cheche. Akaufuata waya ule hadi mahali ulipofungwa kwenye bodi kwa bolti moja. Kwa nje bolti ilionekana safi. Alipoifungua, chini yake palikuwa na unga: mwekundu kwenye chuma, na kijani kibichi kwenye shaba ya waya. Ulikuwa kutu ya miaka mingi, iliyolishwa na upepo wa chumvi wa mji wetu. Akapiga msasa hadi chuma kikang'aa, akapiga brashi kwenye shaba, akafunga bolti kwa nguvu, akaipaka grisi juu ili chumvi isirudi. Kazi yote ya mikono ilichukua muda usiozidi nusu saa. Alidai shilingi 10,000. Tulipotaka kuongeza, alisema, "Ongeza kule unakodaiwa."

Tulijua alikokusudia. Shuleni, miaka ya 1980, tulifundishwa habari za Elimu ya Kujitegemea, andiko la mwaka 1967 lililoonya juu ya msomi anayeidharau kazi ya mikono. Tuliliandikia insha, tukapata alama nzuri. Na bado, siku tulipobanwa, neno la kwanza kututoka lilikuwa kwamba mafundi wote ni wezi. Ni kweli kwamba wako mafundi wasio waaminifu, kama walivyo makarani wasio waaminifu na washairi wasio waaminifu. Lakini sisi hatukuwa na ushahidi. Tulikuwa na haraka, na haraka ikatafuta mtu wa karibu.

Kwa kuwa tusi lilitoka mbele ya watu, msamaha wa pembeni usingetosha. Siku ya pili, baada ya alasiri, tuliwaalika majirani wale wale kwa kahawa barazani kwetu, tukamwita kijana, tukamwomba na mzee wa Ngamiani aje. Mbele yao tulisema kwamba betri ilikuwa nzima, kwamba kijana alisema kweli, kwamba sisi tulisema uongo, na kwamba twamwomba radhi. Tulimlipa kazi ya siku ile na usumbufu wake. Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, mzee." Kisha, kwa sauti ya chini, "Ila wateja wangu wawili wa mtaa huu waliacha kuniita tangu siku ile." Tulikwenda kwa wote wawili kwa miguu yetu. Mmoja alimrudia. Wa pili alitusikiliza kwa heshima, akatupa chai, wala hakumwita tena hadi leo.

Jambo moja limebaki ambalo lawahusu hasa walimu. Kazi yetu ofisini, kwa miaka mingi, imekuwa ni barua na nyaraka, na tulikuwa na mazoea ya kuwacheka mafundi kwa Kiswahili chao. Taifa letu lina chombo cha kukisimamia Kiswahili, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Lina Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyote hivyo ni fahari yetu. Lakini siku ile, chini ya mwarobaini, mzee asiyepita darasa la saba alitufundisha habari za umeme kwa lugha yetu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Alisema njia ya kurudi. Alisema betri iliyoshiba na betri yenye njaa. Yale aliyoyapata kwa wageni, kama stata, plagi, relei na volti, aliyachukua yakatumika. Na yale aliyokuwa nayo nyumbani hakuyatupa. Wanafunzi wetu wa sekondari husoma fizikia kwa Kiingereza. Wengi wao waweza kuchora mzunguko wa umeme na kuuandikia majina yake yote katika mtihani, na hata hivyo wasiuone ndani ya gari la baba yao. Mwalimu atakayewachukua siku moja hadi gereji ya jirani, akawaacha wamsikilize fundi akieleza kwa nini taa zawaka na injini isiwake, hatakuwa amepoteza kipindi.

Kijana yule sasa hushinda siku mbili kwa wiki chini ya mwarobaini, akijifunza kwa mzee, ambaye humwita babu. Ni yeye aliyetuomba tuyaandike yale majibu matano katika karatasi moja, kwa Kiswahili cha kueleweka, apate kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la spana. Tuliandika. Kwa kuwa ugonjwa wa ushairi hauna dawa, chini yake tuliongeza ubeti huu:

Gari likikugomea, litafute kwanza kosa,
Waya ukiuendea, huenda ni kutu hasa,
Kutu hukuondokea, ukiipiga msasa,
Neno likishatokea, halisuguliki sasa.

Kijana aliusoma polepole, mdomo ukicheza. Akasema umependeza. Kisha akauliza kwa nini hatukutaja fyuzi, maana mwanafunzi akiusoma ubeti huu peke yake atafungua kila waya wa gari kabla ya kutazama kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Tulimjibu kwamba fyuzi haikuingia katika mizani. Mzee, aliyekuwa chini ya lori akisikiliza, alitoa kichwa akasema, "Basi punguzeni neno jingine." Hatujalipata bado la kupunguza. Gari letu huwaka kila asubuhi, na mara moja kwa mwezi hutupeleka Pangani.